Wamefuta Kazi ya Nélida, Wanasema Haina Watumiaji

Saa mbili asubuhi chai ya majani iitwayo mate imeshapoa mezani, na Nélida Bergonzi hana habari nayo. Ameketi katika karakana ya mabango mjini Rosario, mbele ya kompyuta kuukuu, akisoma kwa sauti barua pepe iliyoingia sasa hivi: "Tumeondoa sehemu yako kwa kuwa haina watumiaji."

"Haina watumiaji," anafoka. "Na mimi ni nani, jini?"

Kwa miaka mitatu fundi huyu wa mabango amekuwa akiihamishia programu ya kuchorea iitwayo Pincel kwenye Tero, mfumo mdogo wa kompyuta unaopendwa na wasiotaka kununua mashine mpya kila kukicha. Kazi hiyo si lelemama. Pincel ilitengenezwa kwa mifumo ya kampuni kubwa. Ndani ya Tero dirisha liligoma kufunguka, nyekundu ikatoka buluu, na kalamu ikaparura mistari kama kuku. Nélida alinyoosha yote hayo bure, akawakabidhi wenye Pincel wayaunganishe na yao.

Sasa wamefuta. Toleo jipya halitafunguka karakanani, wala kwa mchoraji yeyote wa Tero.

Kinachouma zaidi ni hiyo sababu yao. Kila Pincel inapofunguliwa huwatumia wenyewe taarifa, na hivyo ndivyo wanavyohesabu watu. Watu wa Tero hawataki kuchunguzwa. Walimwomba Nélida akiondoe kijisehemu kinachotuma taarifa hizo, naye akakiondoa kwa moyo mkunjufu. Matokeo yake wote wamehesabiwa sifuri. Watu wazima, wanaolisha familia kwa kuchora, eti sifuri.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, dada," anasema Osvaldo Ruffino, mchoraji mwenzake wa hapo karakanani. "Kirudishe tu, yaishe."

"Koma. Si wewe uliyeniganda nikitoe?"

Osvaldo anacheka, anajikuna kisogo. "Ni mimi. Sasa utafanyaje?"

"Sikirudishi. Mwezi ujao wenye Pincel wana mkutano Buenos Aires. Nitawaita watu wa Tero waje na mashine zao. Tutakaa safu ya mbele, tuchore, watuhesabu kwa macho."

"Na wakikataa?"

"Nitaitunza Pincel yetu peke yangu mpaka vidole vigome." Anaivuta kalamu karibu. "Lakini barua sitaki tena. Wakitaka kunifuta, wanifute nikiwa nimesimama mbele yao."