Mwenye Chemchemi ya Bondeni

Nilipokuwa mtoto kwenye kambi ya polisi pale Naguru, Kampala, afadhali ukamatwe unaiba sukari kuliko kuchemsha maji ya chemchemi ya bondeni. Bibi yangu, aliyetulea mama akiwa zamuni, alisema chemchemi ile ina mwenyewe. Ukiyaweka maji yake motoni unamchoma, naye atahama nayo. Basi tuliyanywa mabichi, na Bibi kila akichota alimwaga kidogo chini, kumsalimu.

Kisha mdogo wangu Akello akaanza kuharisha. Alikuwa bado hajaanza shule. Macho yalizama, midomo ikakauka, analia machozi hayatoki. Zahanati walitupa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, na nesi akasisitiza, "Maji yachemshwe kwanza, mmesikia?" Bibi akaitikia vizuri. Tulipofika nyumbani akachota mabichi mtungini.

Hapo nikapandwa na hasira. Sikuwa nimewahi kumjibu Bibi hata neno, lakini nilinyakua sufuria nikaiweka kwenye sigiri, mchana kweupe, majirani wakiangalia.

"Wewe mutoto! Unataka kuua kambi nzima na kiu?"

"Akikasirika aje anichukue mimi, Bibi. Akello simpi."

Banange! Majirani walishika vichwa. Bibi akanyoosha mkono aiondoe sufuria, Akello akatapika tena, na mkono ukarudi. Akakaa chini, akamkumbatia mtoto, akangoja maji yapoe.

Akello alipona. Na chemchemi, je? Ikakauka! Kabla mvua hazijarudi, pale palibaki tope tu. Nilisemwa nikasemeka. Nikipita na dumu langu, akina mama waliniita Mchoma Maji. Iliniuma, nisiwadanganye, ila msamaha sikuomba.

Leo kazi yangu ni kufuatilia maradhi yanayotokana na maji. Nazunguka kwenye chemchemi za Kampala na chupa za sampuli, naulizia nani anaharisha, anachota wapi, vyoo viko wapi. Vyoo vya kwetu vilikuwa juu tu ya chemchemi. Na miezi ile ile watu walikuwa wakichimba misingi ya nyumba mpya papo hapo mtelemkoni, pengine wakaukata mkondo wa maji, lakini nani awaseme wenye nyumba wakati mtoto wa kusemwa yupo?

Bibi aliniambia baadaye kwamba kwao, zamani, hakuna aliyethubutu hata kukojoa karibu na chemchemi, kwa kumwogopa mwenyewe. Hapo nilimheshimu yule mwenyewe, kweli kabisa. Woga ule ulilinda maji. Sisi wa kambini tuliutupa tukachimba vyoo, tukabakiza lile katazo la kuchemsha, ambalo ndilo lilitaka kumuua mdogo wangu.

Bado wako wazee wanaosema nilimfukuza mwenye chemchemi. Sibishani nao. Kama nilimchoma, basi nilimchoma. Chemchemi Kampala ziko nyingi. Akello nilikuwa naye mmoja.