Barafu Kavu Katika Nyumba ya Msiba

Mwaka 1956 Casimir alikuwa mpakiaji wa samaki katika ghala la tajiri mmoja Mgiriki pale Baraka, ufuoni mwa ziwa. Samaki wa kupelekwa mbali walilazwa masandukuni pamoja na barafu kavu iliyoletwa kwa meli kutoka Usumbura. Barafu hiyo haiachi maji. Hugeuka hewa nzito inayotambaa chini. Casimir aliishika kwa glavu za ngozi, akaizungushia magunia, wala hakukaza kifuniko, maana sanduku lililozibwa kabisa lingepasuka. Lakini hewa yenyewe hakuiogopa. Wapakiaji walizoea kutupa njiti ya kiberiti inayowaka ndani ya sanduku, na ikizimika, walicheka. Ghala lilikuwa wazi upande wa ziwa, na upepo ulifagia kila kitu.

Shemeji yake Jacques, kaka wa mkewe, alipokufa kwa homa, mama yao mzazi, Émilienne, alikataa azikwe.

"Norbert iko njiani kutoka Albertville," alisema. "Ataona uso wa ndugu yake. Kama hapana, munizike mimi kwanza!"

Casimir akaomba barafu kwa tajiri, akapewa. Lakini mkwe haingii chumba alimo mama mkwe wake, wala hamgusi. Aliacha magunia mlangoni pamoja na glavu. Mkewe Godelieve ndiye aliyeyapanga kando ya maiti.

"Usishike na mikono mitupu, itakuunguza," Casimir alimwonya.

"Mukwe wetu amemufanya Jacques kuwa samaki!" akasema shangazi Félicité, na waombolezaji wakacheka huku wakilia.

Mlango ukafungwa, madirisha pia, kama ilivyo desturi ya msiba. Wanawake waliketi chini. Émilienne alijilaza mkekani, karibu kabisa na mwanawe. Koroboi iliyokuwa sakafuni karibu na kichwa chake ikazimika. Godelieve akaiwasha, ikazimika tena. Alipoiweka juu ya sanduku la nguo, iliwaka vizuri.

"Jacques hapendi mwanga," akasema Félicité.

Casimir, aliyekuwa uani pamoja na wanaume, alisikia. Akakumbuka njiti za ghalani: hewa inayozima moto huzima na pumzi.

"Godelieve! Fungua mlango! Mutoe mama inje!"

"Mama iko analala. Wacha apumzike kidogo."

"Asilale! Mwinue!"

Wanaume wakamshika mabega. "We mukwe, unakwenda wapi? Huna haya?"

Akasimama kizingitini, akiita, akisihi. Mlango ulifunguliwa pale tu wanawake walipoanza kutoka wakiyumba, vichwa vikiwauma. Émilienne hakutoka. Ndipo Casimir alipovuka, akambeba mama mkwe wake mikononi hadi uani. Kichwa chake kilining'inia. Hakuwa na pumzi.

Norbert alifika kesho yake, akakuta makaburi mawili.

"Casimir alimushika mama mukwe wake," Félicité alimweleza. "Mama amekufa kwa haya."

Casimir alibeba magunia yaliyobaki hadi ufuoni, akayafungua kwenye upepo, asisaidiwe na mtu. Godelieve alimfuata. Yeye hakuuliza habari za kugusa.

"Ulijua," alisema. "Sasa juu ya nini ulisimama tu pale mlangoni, hukuingia?"

"Alikuwa mama mukwe wangu," Casimir akajibu.

Godelieve akageuka, akarudi msibani peke yake.