Mwalimu wa Neema Anagombea, Mimi Nimejishtaki

Leo nimeungama makosa ambayo hakuna aliyeniuliza!

Niko saluni kwangu hapa Rosettenville, namsuka mteja, wengine wanasubiri. Mara anaingia mwalimu wa hesabu wa binti yangu, Neema.

Moyo paa! Mikutano miwili ya wazazi nimeikwepa.

Hata sikumngoja amalize salamu.

"Mwalimu, nisamehe. Ule wa kwanza nilisema naumwa, kumbe nilikuwa namsuka bibi harusi. Ule wa pili nililala tu."

Akanipa karatasi yenye picha yake. Anagombea kiti katika bunge la jimbo. Alikuja kuomba kura tu, jamani!

Eish.

Nikamwambia mimi ni Mkongomani, mgeni nchi hii, sina kura. Nikajua sasa ataondoka.

Wapi! Akavuta kiti, akaigeuza ile karatasi, akaandika nyuma: "Alhamisi, saa nane, ofisini kwangu shuleni."

"Na usilale," akasema.

Haya, nani atanishikia saluni Alhamisi? Msicheke tu, jibuni!

Na wale wateja wenye kura waliokuwa wakisubiri aliwaomba kwa adabu zote, "tafadhali mama, tafadhali dada."

Mimi nisiye na kura ndiye niliyeamriwa.