Kazi Iliyoandikwa kwa Jina la Mumewe

Asubuhi Beishen alipoanguka kutoka juu ya farasi, mkewe Zuurakan alikuwa zizini anakamua. Watu walimleta wamemlaza juu ya ubao wa mlango, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea kama si wake. Daktari wa wilayani alisema ni kiharusi: hakuanguka ndipo akaumia, aliumia ndipo akaanguka. Zuurakan hakuona tofauti. Siku ya tatu, mtu aligonga lango kwa fimbo akapaza sauti, "Jamani, maji yako wapi? Shayiri yangu inaungua!"

Beishen alikuwa mgawa maji wa Teskei-Bulak kwa miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyefungua na kufunga malango ya chuma ya mfereji unaoshuka kutoka mlimani, na yeye ndiye aliyejua leo zamu ni ya nani na kesho ni ya nani. Bila yeye, kila mtu angechukua sepeto na kujikatia mwenyewe, na huko mwisho wake ni vichwa kupasuka.

Zuurakan alivaa buti za mpira za mumewe, akasokomeza matambara mbele ili zisimtoke miguuni, akapanda mferejini. Wanaume waliokuwa wakingojea zamu walimcheka.

"Leo tunagawiwa maziwa, au nini?" alisema mmoja.

"Ukiendelea kuropoka utagawiwa vumbi," alijibu Zuurakan, akafunga lango la shamba la huyo aliyesema na kumpa maji jirani yake.

Mkuu wa kijiji wa wakati ule, mzee mpole aliyekuwa akihesabu miezi ya kustaafu, alimwita ofisini. "Mwanangu, endelea tu. Jina la Beishen libaki kwenye vitabu. Tukianza kubadilisha, wilaya itataka karatasi hii na ile, na mashamba hayangoji karatasi." Ilionekana ni huruma, na pengine ilikuwa huruma kweli. Hivyo Zuurakan aliendelea, msimu mmoja, halafu mwingine, hadi ikawa misimu sita.

Akaujua mfereji kama mtu anavyomjua mgonjwa wake. Lango la nne halifunguki mpaka ulipige teke upande wa kushoto. Kwa mzee Omurzak maji yapelekwe asubuhi mapema, kwa sababu jua likishapanda huanza ugomvi na kila mtu. Zaidi ya yote aliijua rangi ya maji. Siku za joto kali mwezi wa sita, theluji ya juu huyeyuka kwa pamoja, na maji huja mekundu, yana povu na vijiti. Ukiyaona hivyo, una kama saa moja ya kwenda juu na kufungua lango la kutupia maji ili yaende bondeni. Ukichelewa, mawe yanafuata.

Jioni alimsimulia Beishen yote, naye alisikiliza kwa jicho moja lililobaki zima. Alipokosea mahali, Beishen aligonga kitanda kwa mkono wa kushoto mpaka alipopatia.

Beishen alikufa vuli ya mwaka wa sita. Baada ya arobaini, Zuurakan alikwenda ofisi ya kijiji. Mkuu alikuwa mpya sasa, Taalai, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, wa ukoo mmoja na marehemu, ndiyo maana alimwita Zuurakan shemeji. Mlangoni kulikuwa na tangazo: anatakiwa mgawa maji, mwenye elimu ya sekondari na uzoefu wa miaka isiyopungua mitatu wenye uthibitisho.

"Shemeji, mbona una wasiwasi?" Taalai alimwambia, akimsindikiza hadi mlangoni kwa mkono begani. "Kazi hiyo ni yako, nani asiyejua? Ila siku hizi lazima tufuate utaratibu. Andika barua, leta kitabu chako cha kazi, basi."

Kitabu cha kazi cha Zuurakan kilikuwa na mstari mmoja: mkamuaji wa shamba la ushirika, miaka minane, hadi ushirika ulipovunjwa. Baada ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe. Raikan, karani wa ofisi, ambaye bustani yake ya viazi ilinyweshwa na mikono hiyohiyo ya Zuurakan, alikifungua, akakifunga, akakifungua tena.

"Na hii miaka sita, dada?"

"Unaijua wewe ilikuwa wapi."

"Mimi ninaijua. Kitabu hakijui."

Alifika mbele ya kamati ya watu watatu. Hawakumuuliza habari za malango. Walimuuliza kifungu fulani cha sheria ya maji kinasema nini, naye akajibu kwamba hajakisoma, lakini kama wanataka kujua kwa nini lango la nne linakwama, anaweza kuwaeleza. Mmoja alitabasamu, akaandika kitu.

Juma lililofuata jina likabandikwa mlangoni. Aliyepata kazi ni Ermek, mtoto wa kaka wa mke wa Taalai, kijana wa miaka thelathini aliyerudi kutoka Moscow alikokuwa akiendesha teksi. Zuurakan alilisoma mara mbili. Kisha akaingia ndani.

"Raikan, huyu ana uzoefu wa miaka mitatu wa nini?"

Raikan alitazama mlango wa Taalai. Ulikuwa umefungwa. Akavuta faili, akaligeuza mezani, kisha akajifanya anamwagilia ua la dirishani. Ndani kulikuwa na barua yenye muhuri wa kijiji: inathibitishwa kwamba ndugu Ermek, kwa misimu mitatu, alikuwa msaidizi wa mgawa maji Beishen kutokana na maradhi ya huyo wa pili, na alitekeleza majukumu yote kwa ufanisi.

Zuurakan alikaa kwenye benchi ya korido. Kunyimwa kazi angeweza kuvumilia, alishanyimwa mengi. Lakini miaka ile, matope yale, ngumi aliyopigwa bega siku alipowaamulia ndugu wawili waliogombea zamu, vyote vilikuwa vimechukuliwa na kuvishwa mtu mwingine kama koti. Kama Ermek ndiye aliyekuwa mferejini, yeye alikuwa wapi?

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Kila alipoingia walimtandikia zulia la manyoya, wakammiminia chai ya maziwa, wakamwekea maandazi na krimu, na wakatukana ofisi kwa niaba yake.

"Wanatufanya mazuzu," alisema mzee Omurzak, akipiga goti lake. "Binti, siku ya mkutano wewe simama tu, mimi nitasimama nyuma yako. Nataka nimwone huyo Taalai akinitazama machoni."

Mkutano ulifanyika mwezi wa tatu katika ukumbi wa kijiji, watu wamevaa makoti kwa sababu jiko halikuwashwa. Taalai alisoma taarifa ya mwaka. Alipouliza kama kuna swali, Zuurakan alisimama.

"Nina moja. Nani hapa aliwahi kumwona Ermek mferejini? Hata siku moja. Ainue mkono."

Hakuna aliyeinua. Akashukuru moyoni, akaongeza, "Na nani aliwahi kuniona mimi?"

Hapo pia hakuna aliyeinua.

Alimtafuta Omurzak kwa macho. Mzee alikuwa ameivua kofia yake ya manyoya meupe na alikuwa akiichunguza ndani, kana kwamba kuna maandishi. Alikuwa ameomba kibali cha malisho ya mwanawe, na kibali kilikuwa mezani kwa Taalai kikisubiri muhuri. Raikan alikuwa na kiti chake cha ukarani. Mwingine alikuwa na hati ya kiwanja, mwingine binti anayetaka nafasi ya upishi kwenye shule ya chekechea. Zuurakan alijua shida ya kila mmoja, kwa maana walimwambia wenyewe juu ya chai.

"Shemeji," alisema Taalai kwa upole, sauti ya mtu anayemtuliza mtoto, "sote tulimpenda Beishen. Msiba bado mbichi. Nenda kapumzike, eh? Miaka yote hiyo ulimuuguza, umechoka."

Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Apewe basi hata zamu za Jumapili!" Watu wakacheka, wakapata nafasi ya kukohoa na kujinyoosha, na mkutano ukaendelea na habari za taa za barabarani.

Ermek hakuwa mtu mbaya. Mwezi wa tano alikuja nyumbani kwa Zuurakan amebeba kilo ya peremende. "Shangazi, mimi sikuomba hii kazi. Waliniambia nilete pasipoti, nikaleta. Hebu nielekeze kidogo." Zuurakan alikuwa na hasira bado. Akamwambia, "Wewe si ulikuwa msaidizi wa Beishen? Kumbuka alivyokufundisha." Ermek aliinama, akaziacha peremende juu ya ukuta, akaondoka.

Mwezi wa sita joto lilikuja ghafla. Siku ya nne ya joto hilo, yapata saa nane mchana, Zuurakan alikuwa akipalilia viazi vyake alipoona maji ya mtaro yamegeuka. Mekundu, yana povu, yamebeba vijiti na ganda la mti.

Aliinuka. Akaangalia juu, barabara ya mferejini. Hapakuwa na mtu. Kijiji kizima kilijua Ermek alikuwa amekwenda harusini kijiji cha tatu.

Akajisemea: si kazi yangu. Imeandikwa na kupigwa muhuri kwamba si kazi yangu. Akainama, akaendelea kupalilia. Alimaliza tuta moja. Akaanza la pili. Jembe likakata viazi badala ya majani, lakini aliendelea. Alitaka waone. Hilo hakuificha nafsi yake. Alitaka watu wote wa ukumbi ule waone mara moja tu. Tuta la tatu lilipofika katikati, alisikia ngurumo nzito ndani ya mfereji, sauti ya mawe yakigongana, ndipo akalitupa jembe na kukimbia.

Lango la kutupia maji lilikuwa limefungwa kwa kufuli jipya, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Ermek. Zuurakan aliokota nondo, akalipiga kufuli hadi likakatika, akaning'inia kwenye mpini wa lango kwa uzito wake wote. Lango lilipanda nusu, likakwama. Nusu ya maji ikaenda bondeni. Nusu nyingine ikabomoa ukingo chini ya lango la nne na kuteremka kijijini.

Hakufa mtu. Viazi vya Raikan vilifukiwa chini ya changarawe. Ng'ombe wawili walizama wakiwa wamefungwa kambani. Nyumba ya mzee Omurzak, ya matofali ya udongo, ilisimama kwenye maji hadi jioni, kisha ukuta wa upande wa mashariki ukakaa chini polepole, na paa likafuata.

Tume ya wilaya ilikuja, ikapiga picha, ikaandika kwamba ni maafa ya asili. Ripoti ilitaja pia kwamba madhara yalipunguzwa na hatua za haraka za mhudumu wa mfereji. Baada ya siku chache Zuurakan aliitwa ofisini.

"Kufuli la serikali limevunjwa," Taalai alisema. Alionekana amezeeka, hakulala vizuri siku hizo, hilo lilikuwa wazi. "Najua ni wewe, na najua kwa nini. Lakini nikiandika kwamba ni wewe, wataniuliza Ermek alikuwa wapi. Umenielewa? Sasa sikiliza. Mfagizi wetu anahama. Chukua nafasi yake. Itaingia kwenye kitabu chako, na utatimiza miaka ya pensheni. Sina lingine la kukupa, shemeji."

Zuurakan alikuwa amejiandaa kumtupia maneno aliyoyahifadhi tangu majira ya baridi. Yote yaliyeyuka mdomoni. Alikuwa akiona tuta la kwanza, la pili, na nusu ya la tatu.

"Andika," alisema.

Tangu hapo anafagia ofisi ile. Huwahi kabla ya wengine, hupiga deki korido, huchoma karatasi zilizotupwa. Ermek bado ni mgawa maji. Safari hii alipokuja kuuliza, hakuleta peremende, na Zuurakan hakumfukuza. Walipanda pamoja Jumamosi mbili, akamwonyesha mahali pa kupiga teke na namna ya kutazama maji. Kijana anashika haraka. Kwenye vitabu hayo pia hayamo.

Majira ya vuli mzee Omurzak, aliyekuwa akiishi kwa mwanawe, alikuja kwa Zuurakan. Alikaa, akaiweka kofia juu ya goti.

"Binti, siku ile ya mkutano sikusimama. Mungu amenilipa kwa ukuta wangu. Nimekuja uniwie radhi."

Zuurakan, aliyekuwa amemmiminia chai, angeweza kuipokea radhi ile, yakaisha. Ndivyo alivyotaka. Badala yake alijisikia akisema, "Mzee, mimi niliyaona maji mapema. Niliyaona yamegeuka, nikaendelea kupalilia. Karibu nusu saa. Ningekwenda pale pale, nyumba yako ingekuwa imesimama."

Bakuli la chai lilikuwa mkononi mwa Omurzak, hajalionja. Akaliweka chini juu ya kitambaa, taratibu, lisimwagike. Akasimama kwa kujikongoja, akavaa kofia yake, akatoka.

Hakumwambia mtu, kwani kama angemwambia, kijiji kizima kingejua kabla ya jioni. Akikutana na Zuurakan njiani huinamisha kichwa kidogo, kisha hupita. Zuurakan naye hujibu vivyo hivyo, akiwa na ndoo yake mkononi, na huendelea na safari ya ofisini.