Pale Tulipopaita Bushi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata rangi ya shati alilovaa bwana shamba. Lilikuwa la kaki, kola imepauka. Nimeikumbuka tena juzi, nilipomsikia mjukuu wangu Wegesa akiongea kwenye simu uani kwangu hapa Guta. Rafiki yake amemuuliza yuko wapi. Akacheka, akajibu, "Niko bushi huku, kwa bibi." Sikumgombeza. Neno hilo na mimi nililitumia, tena mbele za watu, na tulikula hasara yake.

Miaka ile tulikuwa tumehamia vijijini. Watu walivunja nyumba zao za zamani, wakaja kujenga kwa mistari kando ya barabara. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na sita. Nilifika darasa la nne tu, na Kiingereza nilichotoka nacho kilienea kwenye kiganja, lakini nilikuwa najiona!

Nyuma ya kijiji tulikuwaga na ngitiri. Wengi wenu hamjaiona. Ni malisho yanayofungwa masika yote, mtu haingizi hata mbuzi, ili kiangazi kikikaza ndama na ng'ombe wenye maziwa wapate pa kula. Mlinzi wake alikuwa mzee Magesa, mtu mkimya, Kiswahili chake cha kuombea maji tu.

Basi bwana shamba akaja kutoka Bunda na ramani ya zamani, iliyochorwa na Waingereza. Alikuwa anatafuta pa kulima shamba la pamba la kijiji. Akaitandaza juu ya boneti ya gari, tukamzunguka. Akaweka kidole pale kwenye ngitiri yetu.

"Hapa panatumika?"

Mzee Magesa alikuwa bado anapanga maneno. Mimi nikachungulia, nikaona pameandikwa neno la Kiingereza, na neno lenyewe nalijua. Nikalisoma kwa sauti. "Ni bushi, bwana shamba. Ni pori tu, hakuna kitu."

Watu wakapiga makofi. Mafuru, kijana mwenye maneno, akapiga kelele, "Jamani, Nyangeta ni mzungu!" Bwana shamba akatia alama kwa penseli. "Vizuri, binti. Jumatatu trekta litaanza hapo."

Nikarudi nyumbani nikiwa sikanyagi chini. Bibi yangu Nyabise, mama yake baba, alikuwa anapepeta mtama. Nikamsimulia yote. Ungo ukasimama.

"Hilo neno maana yake nini?"

"Mahali pa majani na vichaka, bibi. Hapana watu, hapana kazi."

"Na wamekupigia makofi?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Kiangazi tutawapa ndama hayo makofi wanyonye."

Kesho yake asubuhi akanichukua mpaka ngitirini. Majani yalitufika kiunoni, umande bado unadondoka. Akawa anapita na fimbo yake akitaja: hapa ni Kwa Mugeta, aliyekaa kiangazi kizima na mkuki akizuia ng'ombe wa watu, na wake mwenyewe akawazuia, wakafa wawili. Pale ni Kwa Nyamumwi, alijifungulia njiani akienda kukata majani ya kuezekea. Kule chini ni Kisima cha Masatu. Majina kama ishirini, na yote ninayo mpaka leo.

Kisha akauliza, "Umeona alama ya kwato?"

"Sijaona."

"Ya mguu wa mtu?"

"Hakuna, bibi."

"Unadhani pamejiacha penyewe? Kijiji kizima kina njaa ya majani na hakuna aliyeingia. Hiyo ndiyo kazi yetu hapa. Aliyeandika ile karatasi alipita, akaona hakuna mtu, akaenda zake. Huyo namsamehe, ni mgeni. Wewe umekunywa maziwa ya hapa."

Nililia, mwanangu. Akaniacha nilie, halafu akasema Jumatatu nitasema mwenyewe, kwa mdomo uleule.

Jumatatu tulipofika, trekta lilikuwa limeshaanza upande wa juu. Pale Kwa Mugeta palikuwa udongo mweusi mtupu. Nikaenda mpaka kwa bwana shamba.

"Bwana shamba, nilisema nisichokijua. Hapa si bushi."

Mafuru akadakia, "Kiingereza kimemwishia mzungu wetu!" Watu wakacheka.

Bwana shamba hakucheka. "Kama si bushi, tuandike nini?"

"Kiingereza chake sina. Sisi tunasema ngitiri. Ni ghala la ng'ombe, bwana. Tumelifunga, ndiyo maana halina mtu."

Akamgeukia mzee Magesa, na safari hii akamsubiri mpaka akamaliza kupanga maneno yake. Mwisho akasimamisha trekta. Upande wa juu ukabaki wa pamba, kwa kuwa ulikuwa umeshachanwa. Wa chini, pamoja na kisima, ukaachwa. Akanipa penseli niandike jina mwenyewe. Niliandika NGITIRI, herufi zikapanda kilima.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kiangazi hicho majani yaliisha mapema, mvua bado haijanukia. Ndama wangu Kidoa, mwenye doa jeusi juu ya jicho, alikufa mikononi mwangu. Bibi aliichuna ngozi, akaikausha, akanipa niwe nalalia. Nililalia miaka mingi.

Kwa hiyo, mwanangu, shika hili. Ukifika mahali ukaona kimya, usiseme pako wazi. Keti kwanza, muulize mzee anayechelewa kujibu, maana mwenye kujua hakimbilii kusema. Akiba haiozi, lakini wakati mwingine ina sura ya kitu kilichotupwa. Na neno la watu wengine ukilipenda, litumie. Ila kabla hujaliweka juu ya ardhi ya kwenu, ijue ardhi yenyewe kwa majina yake.

Wegesa nimempeleka jana kule chini. Ametaja mpaka Kisima cha Masatu, amekosea mawili.

Mungu akupe macho ya kuona kilichofungwa, na subira ya mzee Magesa. Kiangazi chako kikifika, kikukute una majani.