Nyota ya Mgeta Isiyofanya Kazi Jumapili

Niliondoka nyumbani kwa tamaa, sitamdanganya mtu. Dokta, mhadhiri aliyewahi kunifundisha fizikia, aliniahidi kuwa jina langu lingefuata lake kwenye ripoti ya nyota iliyolipuka. Gesi yake ilikuwa ikitanuka, alisema, na kadiri inavyotanuka mawimbi yake ya redio yangezidi nguvu. Zilikuwa zama za ruksa, kila mtu akiagiza atakacho. Yeye aliagiza dishi la mtumba, akaliita darubini.

Saa mbili asubuhi tulitoka Msamvu, mjini, na lori lililokuwa likifuata kabichi Mgeta. Njia nzima Dokta alihubiri hotuba atakayoitoa Ulaya. Dereva alimsikiliza kwa adabu kunizidi mimi.

Mgeta tulipokewa na Mama Koleta, mkulima wa njegere, aliyeturuhusu tusimike dishi uani kwake.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta nini huko juu?"

"Nyota," alisema Dokta. "Huwezi kuelewa."

Mama alikwenda kutupikia.

Karibu kila siku kalamu ya mtambo wetu ilichora kilima kwenye karatasi, na wiki ya pili kilima kikazidi kupanuka. Dokta alikuwa akicheka peke yake; Jumatano akatangaza kwamba nyota imevunja rekodi. Ng'ambo ya bonde iliunguruma injini ya petroli ya kusaga mahindi. Nilipoitaja, alinikemea kwamba tumekuja kusikiliza mbingu, si pumba. Jumapili zote mbili kalamu ilichora mstari mtupu.

"Kifaa kimechoka," alisema.

Jumapili ile ya pili, Mama Koleta alirudi kutoka misa akaikagua karatasi.

"Kwani nyota yenu nayo ni Mkatoliki?"

"Kwa nini, mama?"

"Jumapili haifanyi kazi, kama mashine ya Beda. Na sasa tumevuna, Beda anasaga mpaka jioni."

Jumatatu nilimwomba Beda azime injini dakika kumi. Karatasi ilionyesha dakika kumi za mstari mtupu. Niliona aibu, maana hata wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanajua kwamba cheche za plagi huingia redioni.

Jumanne, juu ya kabichi, tulirudi mjini.

"Jumapili zile mbili tutaziondoa kwenye mchoro," alisema Dokta.

"Basi ondoa na jina langu."

"Utajuta."

Nilijuta kweli, lakini nilichojutia ni kule kwenda.

Nyumbani mke wangu aliuliza nyota imetuletea nini. Nilimpa mfuko wa unga wa Mama Koleta, uliosagwa kwa Beda Jumatano ile Dokta alipotangaza kwamba nyota imevunja rekodi. Ugali wake ulikuwa mzuri.