Mulango yenye tuliraboti mara ine

Niambie kwanza: weye ukikaa ku kiti, unatuliaka kweli, ao unafikiri tu umetulia? Usijibu mbio. Mi nilijibu mbio, na nilikosea.

Mi sikusoma mingi. Miaka mbili tu, kiisha ndugu yangu mudogo wa kike akazaliwa, bakanirudisha nyumbani nimubebe. Lakini bintu ya hii dunia nilizijuaka na mikono. Kule kwetu, ku milima ya pembeni ya Rubaya, unipatie majiwe mbili za ukubwa moja, nafunga macho, nakuambia: hii ni jiwe ya bure, hii iko na koltani, ile madini yenye banachimba kwetu. Koltani inakuwaka nzito kupita ukubwa yake. Kajiwe kama yai, lakini inavuta mukono chini kama mutoto mwenye anakataa kutembea. Siku moja mujukuu wangu, binti mwenye nalea tangu angali mu nyonyo, akatoka ku masomo, akaniambia ile kitu iko na jina ya Kifaransa: dansite. Nikacheka mupaka nikashika tumbo.

"Kumbe mi niko profesere?"

"Ndiyo, Koko. Profesere wa kukosa diplome."

Njo vile tulikuwaka tunacheka, sisi bawili, mu nyumba yangu ya mbao, na manjanja ya bati juu yake, katikati ya muteremuko. Juu yetu batu balikuwa banachimba, shimo nyuma ya shimo. Chini yetu, shamba yangu ya maharagi.

Basi mulango ikaanza kukwama. Unasukuma, inakataa. Unasukuma na kiuno, inafunguka na kelele kama mbuzi. Kwetu kila mutu anajua ile ni nini: mbao inakunywa maji ya mvula, inavimba. Unaita menuizie, fundi wa mbao, anapitisha raboti, ile chombo ya kupunguza mbao, inaisha. Menuizie alikuwa jirani yangu, papa moja wa maneno mingi. Akaraboti. Juma mbili, ikakwama tena. Akaraboti mara ya pili. Mara ya tatu. Ku pembe ya chini alikuwa anatosha mbao, na ku pembe ya juu tundu ikafunguka, mupaka paka ya jirani ikawa inapita mule bila kusema odi.

Mara ya ine, mujukuu alikuwa anakaa ku jiwe anamenya birayi. Akaweka kisu chini, akaangalia ile pembe.

"Papa," akasema, "sasa tuko wakati ya jua, si vile? Mbao imekauka. Ingepaswa kupungua."

"Wee mutoto, nilianza kushika raboti mama yako hajazaliwa!"

"Ni kweli, Papa. Lakini ile maji yenye mbao inakunywa, inatoka wapi?"

Menuizie akaangalia mbingu. Hakuna hata wingu moja. Akapuliza mabaki ya mbao ku raboti, akasema ana kazi ingine, akaenda.

Mutoto akapiga musumari juu ya kadre, ile mbao yenye inashika mulango, akafunga kamba, ku kamba akafunga kajiwe. Chini ya kajiwe, pale ku sakafu ya simenti, akachora alama na makala. Nikamuuliza kama ni dawa ya bachawi.

"Hapana, Koko. Kila kitu yenye uzito inataka kwenda ku katikati ya dunia. Kamba ikitulia, inaonyesha njia ya kweli kweli. Kamba haiongopake."

"Na batu ba upande ingine ya dunia, banaanguka wapi? Ku mbingu?"

"Ku katikati ile ile. Kwao nako, chini ni chini."

Nikacheka, nikaenda ku shamba. Lakini tangu ile siku sikutulia tena. Nilikuwa nalima, naacha jembe, nakuja kuangalia kajiwe. Nilikuwa napika, sombe inaungua, niko napiga magoti ku mulango. Kiisha juma moja, kajiwe haikukuwa tena juu ya makala. Ilikuwa pembeni, kidole moja, upande ya bonde.

"Kajiwe imetembea!" nikamuita.

Akakuja, akaangalia, sauti ikapungua. "Kajiwe haikutembea, Koko. Nyumba njo iko natembea, inainama, njo maana mulango inakwama. Mulima iko nashuka pole pole, na sisi tuko ndani. Mvula ikikuja, itashuka mbio. Tutoke."

Nikakasirika! Mulima yenye babu ya babu yangu alizikwa mule, itembee kwenda wapi? Nikamuambia: mi niko nakaa hapa, sisikie kitu.

"Hausikie kwa sababu unatembea pamoja nayo. Dunia muzima nayo iko nazunguka sasa hivi, na hausikie upepo yake."

"Njo maana mugongo inaniuma!"

Hakucheka. Machozi ikamujaa. Akasema yeye hawezi kunilazimisha, lakini kama mi nabakia, yeye nayeye anabakia, atalala palepale ku mulango. Hapo njo nilishindwa. Mi ni muzee, mulima inaweza kunikunywa, si neno. Lakini yeye?

Tukafunga matandiko, masufuria, mbuzi mbili. Nikapita kwa menuizie: "Papa, kuja na raboti yako, uraboti mulima sasa!" Akacheka. Kiisha nikamuonyesha kamba. Hakucheka tena. Kesho yake akatoa bibi yake na batoto, bakaenda kwa kaka yake ku ngambo ya bonde.

Sisi tukashuka mupaka Shasha, kwa ule ndugu yangu mudogo, mwenye nilibebaka. Mvula ya kwanza ikapiga siku tatu. Siku ya ine, saa tisa ya muchana, simu ikalia: menuizie. Mulima ilitembea. Nyumba yangu, nyumba yake, maharagi, yote iko mu bonde, chini ya udongo. Mule chini batu hakuna, hata bale ba kuchimba. Asante Mungu, batu hakuna.

Ungefikiri nitatulia sasa. Ata! Huku Shasha chini ni sawasawa kama meza, ziwa iko karibu, samaki inanukia, ndugu yangu ananipenda. Lakini mi nakaa, nasimama. Naweka maji mu kikombe, naangalia kama inainama. Nagusa kuta. Ndugu yangu ananitania: "Dada, weye njo mulima yenye inatembea!" Ni kweli. Udongo yangu iko kule, naitaka, hata kama ilinikataa.

Mujukuu ananionaka. Jumapili imepita, kiisha misa, akapiga magoti mbele yangu vile tunafanyaka mbele ya bazee, akashika mikono yangu yote mbili.

"Koko, kila likizo nitapanda kule kupima. Siku mulima itatulia, nitakuja kukuambia, tutapanda pamoja. Na kama haitatulia hata siku moja, nayo nitakuambia. Sitakudanganya ati kwa sababu uko muzee."